Dumuzi, mdudu anayepanga bei ya mahindi yetu

UE zimekwisha, boom lilikwisha kabla yake (hiyo siyo habari), nami niko zangu Nambambo, Nachingwea, nakula likizo. Leo tuache siasa za hosteli tuongelee mdudu.

Bibi amevuna gunia tano mwaka huu. Wiki ileile alipomaliza kupukuchua akauza tatu, kwa bei ya kutupa. Nikamwambia, "Bibi, si ungesubiri Januari bei ipande?" Akanijibu, "Mwalimu, mimi nitasubiri, dumuzi hasubiri." Kifuku kikifika atanunua mahindi hayohayo dukani, kwa bei anayoijua mwenye duka.

Kwa nyie wa mjini: dumuzi ni mdudu mdogo, milimita tatu mpaka nne hivi, kahawia iliyokolea, kichwa kimeinama chini kama mtu aliyejifunika kofia ya koti. Anatoboa punje mpaka inabaki unga wa vumbi. Makopa nayo hayaachi, kwa hiyo sisi watu wa kusini anatupiga huku na huku. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa nchini alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, halafu akasambaa pamoja na biashara ya mahindi. Wapo waliompa jina la Scania, kama lile lori. Jina limemkaa!

Msidhani tuko peke yetu. Marekani wana mbawakawa wao, Diabrotica, ambaye watoto wake hula mizizi ya mahindi shambani. Wakulima wakawa wanabadilisha mazao, mwaka huu mahindi, mwakani soya, ili mayai yakianguliwa wasikute chakula. Mambo yakaenda vizuri mpaka miaka ya 1990, pale Illinois wadudu walipoanza kutaga kwenye soya! Mwaka 1992 akaonekana Ulaya, karibu na Belgrade. Ndiyo maana utafiti wa wadudu hauishi: ukimfungia mlango, anatafuta dirisha.

Na kwa dumuzi watafiti hawajalala. Waligundua anastawi zaidi kwenye mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, maana punje zikishikana kwenye gunzi anapata pa kujikaza wakati wa kutoboa. Wazee wetu waliyaning'iniza vilevile juu ya moshi wa jikoni, na kwa fukusi ilisaidia. Kwa huyu mgeni ikabidi kupukuchua mapema na kuchanganya na dawa. Dawa yenyewe ni mbili ndani ya moja: pirimifosi-methili inaua fukusi lakini kwa dumuzi ni dhaifu, na permethrini inaua dumuzi lakini kwa fukusi ni dhaifu. Ukitumia moja tu, mmoja anabaki anakula.

Wakaleta pia adui yake wa asili kutoka hukohuko kwao, mdudu aitwaye Teretrius nigrescens. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Dume la dumuzi hutoa harufu ya kuita wenzake, na huyu adui huifuata harufu hiyohiyo! Amesaidia zaidi porini, ghalani hatoshi peke yake.

Siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa, mipira miwili ndani na kiroba nje. Mahindi yakikauka vizuri na mdomo ukafungwa barabara, wadudu wanamaliza hewa wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa.

Sasa, kama majibu yapo, mbona Bibi kauza? Kwa sababu mfuko unanunuliwa kwa pesa, na pesa anaipata akishauza mahindi. Mdudu hajagusa hata punje moja ya zile gunia tatu, lakini hasara imeshaingia. Hofu yake tu inatosha kupanga bei. Hasara ya namna hiyo hamuioni mkihesabu punje zilizotobolewa.

Shule tumechora panzi na mende mpaka penseli zikaisha. Nikipewa darasa langu la baiolojia, dumuzi ataingia kwenye chupa, na hesabu ya bei ya Juni na ya Januari itakaa ubaoni pembeni yake.

Kwa sasa nimemwambia Bibi boom lijalo mifuko miwili ni yangu. Kacheka tu. Wadau, kwenu mnahifadhije? Tupeni mbinu hapo chini. Tupo pamoja.