Dosye Iliyokataa Kufunguka

Sisi ni watoto wa nyumba moja ya hapa Makiso, na tunataka kuwaelezea jambo lililotupata kwetu nyumbani, juu tunajua wengi wenu muko na ordinatere ya namna ile ile: ya Windows 10, yenye miaka yake, iliyonunuliwa kwa mtu aliyekwisha kuitumia.

Ndani ya ordinatere ya Papa kuna dosye moja kubwa. Anatia mule kila kitu: barua za kazi, filamu, na picha zaidi ya 2 000. Picha zote za koko wetu, mama ya Papa, aliyefariki mwaka 2019, ziko mule na haziko pengine popote. Tulipobonyeza dosye ile, dirisha lilifunguka jeupe, na mustari wa kijani ukaanza kwenda polepole kama mtumbwi unaopanda mto wakati wa maji mengi. Tunangoja dakika moja, siku zingine tatu. Dosye zingine zilifunguka palepale.

Kosa la nani? Tulisema bila kukawia: la mdogo wetu. Yeye ndiye anayependa michezo, yeye ndiye anayeleta fulashi za marafiki, basi ameingiza virusi. Papa akamkataza kugusa. Majuma mawili mtoto hakugusa hata kidogo, na dosye ikachelewa vile vile. Hapo tulipaswa kufahamu, lakini hatukufahamu.

Yaya wetu alipokuja likizo akatucheka. «Munabadilisha vitu vitano kwa mara moja, halafu hamujui kipi kimesaidia. Mubadilishe kimoja, mupime na saa, muandike.» Tukachukua kaye.

Kwanza tulitafuta virusi usiku mzima: hakuna. Pili tulianzisha Windows kwa namna ile ya usalama, isiyowasha programu zilizoongezwa. Kama dosye ingefunguka upesi, kosa lingekuwa la programu fulani. Haikufunguka upesi. Kumbe michezo ya mdogo wetu haikuwa na neno. Tuliandika katika kaye, lakini kumwambia mwenyewe, tulinyamaza.

Ndipo tukajifunza jambo ambalo hatukulijua. Windows inapa kila dosye aina yake: ya vitu vyote, ya maandiko, ya picha, ya muziki, ya video. Ikiona picha nyingi, inaweza kuiita dosye ya picha yenyewe, bila kuuliza mtu. Tangu hapo inataka kuchora picha ndogo ya kila moja na kusoma habari zilizo ndani yake. Tena Papa alikuwa amepanga vyote kwa siku picha ilipopigwa, na siku ile imeandikwa ndani ya picha. Basi haiwezi kupanga mpaka imezisoma zote.

Wanaopenda hesabu, muangalie. Disiki ya laptop nyingi za zamani inazunguka mara 5 400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja ni karibu milisekunde 11. Kichwa kinachosoma kinangoja kwa wastani nusu ya mzunguko, na mbele ya hapo kinahitaji kama milisekunde 12 ili kifike mahali penyewe. Tuseme 17 kwa picha moja. Kwa picha 2 000 ni sekunde 34, na tumehesabu safari moja tu kwa kila picha! Disiki za SSD hazina kichwa wala kuzunguka, ndiyo sababu zinakimbia.

Dawa ilikuwa fupi. Bonyeza dosye kwa kidole cha kuume, ingia Propriétés, halafu Personnaliser, chagua Éléments généraux. Panga kwa jina. Toka sekunde 140 tulifika 9, na sisi tukapiga makofi.

Lakini picha za zamani bado zilikwama. Tulitazama mahali Windows inapoonyesha kazi zake: disiki asilimia 100, na mwendo wake karibu sufuri. Tukatega sikio. Tik, tik, tik. Papa alitaka kuanzisha matengenezo ya disiki usiku ule. Yaya akamwomba, «Papa, tafazali, tunakili kwanza.» Matengenezo yale yanalazimisha disiki kusoma kila mahali, na disiki inayokufa inaweza kumalizika palepale.

Tulinakili usiku, picha za koko mbele, filamu nyuma. Tuliogopa moto kukatika, juu betri ilikuwa imekufa zamani. Mdogo wetu ndiye aliyekaa mpaka saa kumi za usiku, akibadilisha fulashi. Picha 41 zilikataa kabisa. Moja ni ile ya koko ameketi mlangoni na sahani ya pondu. Tunaikumbuka sote, lakini kila mtu anataja kitambaa cha rangi nyingine.

Asubuhi Papa alimwita mdogo wetu mbele yetu sisi tuliomshitaki, akamrudishia neno la siri la ordinatere. Yeye hakutuangalia. Aliuliza tu kama sasa ana ruhusa ya kufuta zile filamu za Papa, juu zinajaza nafasi.