Miezi Sita, Miezi Kumi na Miwili

Euro 43,759 na senti 80. Huo ndio mshahara wa mwaka ambao Ujerumani, mwaka 2025, ilitaka mtu kama mimi aliyetoka chuo juzi awe nao ndipo ahesabiwe kuwa mtaalamu mwenye sifa za juu na kupewa Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya. Kampuni iliyotaka kuniajiri baada ya tasnifu, ofisi ndogo ya wahandisi wa maji yenye watu kumi na wanne, iliandika kwenye rasimu ya mkataba 43,000. Nilipungukiwa euro 759 na senti 80. Ukigawa kwa miezi 12 unapata euro 63 na senti kidogo, tena kabla ya makato.

Nilitaka kujua namba hiyo imetoka wapi, hasa zile senti 80. Nilidhani mtu aliyekaa akapima thamani ya elimu angeishia kwenye namba nzima. Kumbe hakuna aliyekaa. Ujerumani ina kikomo cha mshahara unaokatwa mchango wa pensheni, na mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa euro 96,600 kwa mwaka. Asilimia 50 yake ni 48,300, kiwango cha kawaida cha kadi. Asilimia 45.3 yake ni 43,759.80, kiwango cha wanaoanza kazi ndani ya miaka mitatu baada ya kuhitimu na cha fani zenye uhaba wa watu, kama udaktari, kompyuta na uhandisi. Kikomo cha pensheni kikipanda, sifa za juu nazo zinapanda bei. Mwaka 2026 kiwango changu kinakuwa 45,934.20. Tasnifu yangu kuhusu visima vya maji itabaki na kurasa zile zile.

Ningeweza kuachana na kadi. Sheria ya Ujerumani ina kibali kingine kwa wenye shahada, ambacho kwa umri wangu hakina kiwango cha mshahara kilichowekwa, na kazi ningefanya ile ile, kwenye meza ile ile. Hata njia ya ukaazi wa kudumu haitofautiani sana kwa aliyesoma huku: miaka miwili kwa kibali cha kawaida, miezi 21 kwa kadi kama Kijerumani chako kimefika B1. Wenzangu darasani waliniambia niache kujisumbua kwa miezi mitatu. Walikuwa wanahesabu muda wa kukaa. Mimi nilikuwa nahesabu muda wa kutokuwepo.

Maana kuna kifungu ambacho watu wengi hawafiki kukisoma. Mwenye kibali cha kawaida akitoka Ujerumani na asirudi ndani ya miezi sita, kibali kinakufa chenyewe, bila barua wala onyo. Anaweza kuomba muda mrefu zaidi kabla ya kuondoka, na ofisi inaweza kukubali au kukataa. Kwa mwenye Kadi ya Bluu muda huo ni miezi 12. Bila shaka kazi nayo lazima iwe bado inakusubiri, na mwajiri hatakusubiri kwa sababu ya kifungu. Lakini mwajiri unaweza kuongea naye. Kibali kilichokufa huongei nacho.

Februari mama yangu alipata kiharusi. Madaktari walikiita chepesi. Mkono wa kushoto ulilegea, maneno yakawa yanamkimbia, kisha taratibu vikarudi, mkono kwa kiasi, maneno yote. Dada yangu alifunga duka lake la vitambaa Tanga mjini akahamia Korogwe kumwangalia. Alikaa miezi minne. Miezi minne kwa kiharusi chepesi, na daktari aliwaambia wazi kwamba aliyepata cha kwanza yuko karibu zaidi na cha pili. Dada hajaniambia kwamba zamu ijayo ni yangu. Hahitaji kuniambia. Tuko wawili tu.

Na mimi najua tayari jinsi karatasi inavyoweza kumweka mtu mbali. Mwaka jana kibali changu cha mwanafunzi kilikuwa kinakaribia kwisha. Niliomba kipya wiki sita kabla, ofisi ya wageni ya mji wetu ikanijibu kwa barua pepe kwamba ombi limepokelewa na miadi itatumwa. Kadi ikaisha, miadi haijaja. Kisheria, aliyeomba kabla ya kadi kwisha anahesabiwa kuwa na kibali hadi ajibiwe, na kuna karatasi ya muda ya kuthibitisha hilo. Lakini karatasi hiyo nayo hutolewa kwenye miadi, na anayekagua abiria uwanja wa ndege hasomi sheria, anasoma tarehe. Katikati ya kungoja huko babu yangu akafariki. Hata ningekuwa na kila karatasi nisingewahi mazishi, kwetu maiti hailazwi. Arobaini ningewahi. Khitma nikaisikiliza kwa WhatsApp, simu ikiwa imeegemezwa kwenye sufuria, mtandao ukikatika kila imamu alipopandisha sauti. Karatasi ya muda ilitoka siku tisa baadaye.

Ghorofa ya chini yangu anaishi muuguzi kutoka Kenya, kutoka Nyeri. Anafanya kazi kwenye wodi ya wazee, zamu za usiku kwa wingi, na asubuhi tunakutana kwenye ngazi, yeye anapanda mimi nashuka. Kijerumani chake kinapita changu mbali, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu habadilishi lugha kukurahisishia. Ana diploma ya miaka zaidi ya mitatu, akasomeshwa tena huku kabla cheti chake hakijatambuliwa. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz, alinitumia picha ya hafla na maneno mawili: "Mimi nishafika." Kwenye lugha ya serikali yeye ni mwenye ujuzi. Mimi, nikipata hizo euro 63 za mwezi, nitakuwa mwenye ujuzi wa juu. Mimi natengeneza ramani za chumvi kwenye maji ya ardhini. Yeye usiku wa manane anajua kwa sauti ya pumzi kwamba mzee wa kitanda cha nne anahitaji daktari sasa hivi. Muda wake wa kutokuwepo ni miezi sita. Naye ana mama.

Tusijifanye kwetu mlango uko wazi, lakini. Mtaalamu wa kigeni Tanzania anahitaji vibali viwili, cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na cha ukaazi kutoka Uhamiaji, na sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo. Yaani kwetu mgeni anapokelewa kama mtu atakayeondoka. Ujerumani inampokea yule inayemtaka kama mtu atakayebaki: ndiyo maana inampa lugha, pensheni, kadi ya kudumu. Zote mbili naona mantiki yake. Ila sijaona sheria, kwetu wala huku, iliyoandikwa kwa ajili ya mtu ambaye maisha yake yatakuwa ya kwenda na kurudi kila atakapoitwa. Ile miezi 12 ndiyo iliyokaribia.

Kwa hiyo ilibidi niombe. Nimekulia nyumba ambayo mtu aliyepewa hasemi haitoshi, na kumwandikia mwajiri ambaye hujamfanyia kazi hata siku moja kwamba unataka nyongeza kulinitoa jasho. Jirani yangu aliponiona kwenye ngazi na uso huo aliuliza kulikoni, akacheka kwa uchovu wa zamu. "We omba tu. Hawawezi kukukula." Akaniambia nisiandike habari za mama. Niandike namba na sababu ya kisheria, basi, huku namba ndiyo adabu.

Niliandika mistari minne. Nikataja kiwango cha 2025, nikataja 43,800, nikaambatisha ukurasa wa wizara. Siku tatu kimya. Siku ya nne mkuu wa ofisi alijibu kwamba hakujua kuna mstari hapo, kwamba mkataba mpya unakuja, na je ningeweza kuanza tarehe mosi badala ya kumi na tano. Euro 40 na senti 20 juu ya mstari. Sijui kama amewahi kununua kitu kikubwa hivyo kwa bei hiyo bila kujua alichonunua.

Jioni nikampigia mama. Tuliamkiana, akaniuliza kama nimekula, nikamuuliza mkono. Alisema mkono unamenya viazi sasa, polepole. Nikamweleza kadi, nikijitahidi kutumia maneno mafupi, kwa sababu maneno marefu bado yanamchosha jioni.

"Hiyo kadi," akasema, "inakuruhusu kukaa huko?"

"Ndiyo, mama. Na inaniruhusu kuja huko nikakaa hata mwaka, kibali kisife."

Alinyamaza kidogo. Nikasikia dada nyuma yake anahangaika na vyombo. Amerudi Korogwe kwa wikiendi, duka amemwachia msichana wa jirani.

"Mwaka mzima nikiumwa?" mama akasema. "Mimi sina mpango huo." Kisha akamwita dada aje asikie, akamtajia namba, miezi kumi na miwili, akaitamka yote bila kukwama. Dada akachukua simu. Hakunipongeza. Aliniuliza miadi ya kuomba hiyo kadi ni lini, nikamwambia tarehe 11 Desemba, saa mbili na nusu asubuhi, akasema subiri, natafuta kalamu.