Ukiniuzia "archival", niambie ni wino gani

Kuna neno limeingia kwa masoko ya sanaa Nairobi na linanikera: "archival". Kila msee anayechora kwa iPad sai anauza picha na hilo neno chini, na bei inaruka kutoka soo tano hadi thao nne. Sina shida na bei. Shida ni kwamba ukimuuliza ametumia wino gani, anakuangalia kama umemuuliza PIN ya M-Pesa.

Hebu tuelewane. Picha kudumu ni wino na karatasi kwanza, mengine baadaye. Printa nyingi za cyber, zile za tangi, zinatumia wino ambao rangi imeyeyuka ndani kama Quencher kwa maji. Siku ya kwanza unang'aa vizuri, lakini jua na hewa vinaumaliza mapema. Wino wa pigmenti ni chembechembe ndogo sana ambazo haziyeyuki. Zinakaa juu ya karatasi na mwanga hauzivunji haraka. Ndiyo maana Epson SureColor P900 ina rangi 10 za pigmenti, na Canon PRO-1000 ina katriji 12, moja yao ikiwa ya kusawazisha mng'ao tu. Si mbwembwe.

Sasa karatasi. Gazeti ukiliacha dirishani linageuka manjano kwa sababu ya lignini, kitu cha asili kwenye mti. Karatasi ya sanaa haina hiyo wala asidi. Hahnemühle, kampuni ya Ujerumani iliyoanza 1584, wana Photo Rag: pamba tupu, gramu 308 kwa mita mraba. Ile ya fotokopi ni gramu 80. Ukiishika unajua tu. Na kuna ujanja naupenda: chukua taa ya kukagua noti feki pale dukani, mulika karatasi. Iking'aa buluu sana, imewekwa dawa ya kuongeza weupe, na dawa hiyo huisha nguvu na miaka, umanjano ukatokea.

Hata wakubwa walipitia hii. Mwanamuziki Graham Nash alichukua Iris 3047, mashine ya viwandani ya kujaribia rangi kabla ya kuchapisha, akaitumia kwa picha zake. Studio yake, Nash Editions, ilifunguliwa 1991 kule California. Hapo Jack Duganne akabuni neno "giclée", kutoka kitenzi cha Kifaransa cha maji kuruka kwa nguvu, ndio watu wasidharau picha za kompyuta. Neno lilikuwa tamu, wino haukuwa. Picha za mwanzo zilififia ndani ya miaka michache. Mashine yenyewe sasa iko Smithsonian.

Mimi nina picha sebuleni, mama mwenye leso nyekundu, nilinunua kwa maonyesho fulani ikiwa na cheti. Mwaka haujaisha vizuri, leso imekuwa waridi, na ukuta ule haupigwi hata na jua. Cheti kilikuwa na sahihi na muhuri. Jina la karatasi, hakuna.

Inaniuma kwa sababu wanunuzi wetu ndio wanaanza. Msee wa miaka 24 akitoa mshahara wake wa kwanza kununua sanaa, halafu ififie, hatarudi kwako wala kwa msanii mwingine. Atanunua TV.

Najua karatasi ya pamba ni ghali, inaagizwa nje, na printa ya pigmenti ukikaa bila kuitumia inaziba. Sijasema kila mtu anunue. Kama umeprinti cyber, iite posta, uza soo tano, nitachukua mbili. Kama ni pamba na pigmenti, andika nyuma kwa penseli: karatasi gani, wino gani, mwaka, nakala ya ngapi kati ya ngapi. Na tafadhali usiishikilie kwa fremu na selotepu; gundi yake inapenya na kuacha doa la kahawia. Kioo nacho kisiguse picha, hasa kama mteja anakaa Mombasa. Unyevu wa kule utaigandisha hapo, na siku ya kuitoa itatoka vipande.