Fedha za Watu Ndani ya Kopo la Maziwa

Kwa muda wa miezi mitatu ya mwaka 2016, katika vyumba viwili tulivyopanga huko Temeke, palikaa juu ya kabati letu la vyombo kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na shilingi milioni moja na laki mbili, daftari dogo la mistari, na ufito wa mpira wa kufungia stakabadhi. Watoto walikatazwa kuligusa. Mama yao alilipangusa vumbi kila Jumamosi bila kulifungua. Nami, niliyekuwa mwenye kopo, nililitazama usiku nikiwa kitandani kama mtu amtazamavyo mgeni ambaye hajui atakaa naye siku ngapi.

Fedha zile zilikuwa ruzuku ya uandishi wa habari za uchunguzi, awamu ya kwanza. Nilizitoa benki kwa sababu huko nilikokuwa nakwenda, mwenye bodaboda na mwenye nyumba ya wageni hawakuhitaji hundi. Kwa jinsi zilivyopatikana na kwa jinsi zilivyotutesa, nimeona zifaa kuelezwa katika ukurasa huu wa jamaa, maana watu wengi huliona jina la mwandishi juu ya habari, wala hawaioni nyumba iliyo nyuma ya jina hilo.

Kwanza nieleze kwa nini mwandishi mwenye mshahara aombe fedha mahali pengine. Gazeti humlipa mtu aandike. Aghalabu halina cha kumlipa achimbe. Habari ya mkutano huja yenyewe mlangoni: mwenye mkutano hutuma gari, hutoa chai, na mwisho wa shughuli hugawa bahasha ya "nauli". Nimewahi kuipokea bahasha hiyo, na sitasema uongo mbele ya watoto wangu ambao siku hizi husoma kila nikiandikacho. Lakini habari ya jambo lililofichwa haina mwenyeji. Hakuna mwizi anayemtumia mwandishi gari.

Yangu ilianza kwa barua ya mwalimu mstaafu. Aliandika kwamba taarifa ya wilaya yao ilitaja visima 12 vya pampu vilivyokwisha kuchimbwa na kulipiwa, ilhali katika kata yake akina mama walikuwa bado wanateka maji mtoni, pamoja na ng'ombe. Nilimpelekea mhariri wangu barua ile. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Habari ni nzuri, ndugu yangu. Gari hakuna."

Wakati huo palikuwa na mazungumzo mengi katika vyumba vya habari juu ya mifuko ya ruzuku. Hapa kwetu Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2008, ulikwisha kuwazoesha waandishi wengi, hata wa mikoani, wazo la kuandika maombi na kupewa fedha ya kufuatilia jambo moja hadi mwisho wake. Mfuko nilioomba mimi sitautaja, kwa kuwa nitakayoyasimulia ni makosa yangu, si yake.

Fomu yake ilinifunza kazi kuliko mihadhara mingi ya stashahada yangu. Iliuliza: swali lako ni lipi, kwa sentensi moja? Nilikaa jioni mbili juu ya sentensi hiyo. Nilikuwa nimezoea kuandika "nitachunguza matatizo ya maji vijijini", na hilo si swali, ni kilio. Swali lilikuwa: visima vingapi kati ya 12 vilivyolipiwa vipo ardhini, na nani alitia saini kwamba vyote vipo? Kisha ikauliza ni hati gani nitakazozitafuta, hatari gani naziona, nitampa vipi nafasi ya kujibu yule nitakayemtuhumu, na iko wapi barua ya mhariri ya kuahidi kwamba habari itachapishwa. Wenye kutoa ruzuku, takriban wote, hudai barua ya namna hiyo. Mhariri wangu alinizungusha siku nne kabla ya kutia saini, nami simlaumu, kwa sababu saini ile ilimfunga yeye kuliko mimi.

Mwisho ilikuja bajeti. Nikaandika nauli, bodaboda, malazi, chakula, kurudufu hati, vocha za simu. Pakawa na mstari wa fidia ya muda wa mwandishi. Nikauacha mtupu. Niliona haya, msomaji. Nilidhani mtu anayejiandika mwenyewe katika orodha ya gharama ataonekana ana njaa.

Si lazima fedha ziwe nyingi ndipo kazi ionekane. Mwaka 1969 kule Washington, tajiri mmoja aitwaye Philip Stern alianzisha mfuko wa kuwasaidia waandishi wachunguzi. Miongoni mwa waliosaidiwa mwaka huo huo alikuwa Seymour Hersh, mwandishi wa kujitegemea, aliyepewa dola 250 kwanza na baadaye dola 2,000. Kwa nauli hiyo alifuatilia fununu kuhusu askari wa Marekani walioua wanakijiji wa My Lai, nchini Vietnam, mwezi Machi 1968. Habari aliyoitoa ilitikisa dunia, na mwaka 1970 akapata Tuzo ya Pulitzer. Nilikisoma kisa hicho katika basi nikienda wilayani, nikajiona mimi ndiye Hersh. Ujana una raha zake.

Nilitembea siku 11. Mwalimu mstaafu alinipokea, akanipa mjukuu wake wa kunionyesha njia. Visima tulivyoviona kwa macho vilikuwa 7, na kati ya hivyo viwili pampu zake zilitoa hewa tu, zikilia kama punda. Mahali pa kisima cha nane palikuwa na bango la mradi, limepakwa rangi vizuri, na chini ya bango mbuzi wamelala. Nilipata nakala ya hati ya kukamilika kwa kazi: visima 12, saini tatu, muhuri.

Nilirudi Dar es Salaam kupumua na kuandika maswali ya kumpelekea mkandarasi. Nikamkuta mtoto wetu wa pili ana homa ya siku tatu. Mshahara ulikuwa umekwisha na tarehe bado ilikuwa 19. Mwenzangu ni fundi cherehani, na wakati nikiwa safarini alikuwa ameendesha nyumba kwa sketi za shule alizoshona mpaka usiku wa manane. Usiku ule alinitazama, kisha akatazama juu ya kabati, kisha akatazama pembeni. Hakusema neno. Nililifungua kopo mimi mwenyewe. Nilichukua shilingi 60,000, nikasema nitazirudisha mwisho wa mwezi.

Mtoto alipona. Fedha sikuzirudisha, maana mwisho wa mwezi una midomo mingi. Na hapo ndipo nilipokuja kuelewa kilichomo katika ule mstari nilioona haya kuujaza. Siku 11 nilizokuwa kijijini zilikuwa zimelipiwa nauli na kitanda. Lakini siku 11 za nyumba bila baba hakuna aliyezilipia, na kwa kuwa gharama haipotei kwa kutoandikwa, aliyezilipa alikuwa mke wangu na cherehani yake.

Niliporudi wilayani kwa mara ya pili, kijana mmoja nadhifu alinifuata kituo cha mabasi. Alinijua kwa jina. Alisema bosi wake, mkandarasi, amesikia natafuta kuonana naye, amesikitika hatakuwapo, lakini amenikumbuka nauli. Bahasha ilikuwa nene. Kwa unene wake nilikisia kwamba shilingi 60,000 zingekuwa pembe yake tu. Natamani niandike kwamba niliikataa kwa ghadhabu ya haki. Ukweli ni kwamba nilisimama pale kwa muda wa kutosha kwa utingo kuita abiria mara tatu. Mtu aliyekwisha kujikopesha fedha za watu hana mahali pagumu pa kusimama. Nilikuwa tayari nadaiwa na kopo, na hapa palikuwa na wa kunilipia deni bila stakabadhi. Lililoniokoa ni neno lake mwenyewe. Alirudia, "Ni nauli tu, mwandishi." Nami nikajikuta nikimjibu jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuwa na uwezo wa kulisema: "Nauli yangu imekwisha kulipwa." Nikapanda basi.

Siku ya kuwasilisha hesabu ilipokaribia, nilimweleza mwenzangu kwamba stakabadhi zimepungua kwa shilingi 60,000. Alikuwa akipima kitambaa.

"Ulikuwa unangoja nani aseme, baba watoto?" akauliza.

Kisha akaniambia kwamba alikuwa amekwisha kubadilishana zamu ya upatu na jirani, apokee yeye mwezi ule badala ya Desemba. Fedha alizitia katika kopo yeye mwenyewe, noti sita za elfu kumi, nazo zilikuwa za kununulia cherehani ya pili.

Habari ilichapishwa Jumapili, kurasa mbili. Kamati ya halmashauri ilikwenda kuhesabu, na mwaka uliofuata visima vitatu vikaongezeka. Mimi nilipigiwa makofi katika chumba cha habari. Cherehani ya pili ilipatikana miaka miwili baadaye.

Tangu hapo nimefuatilia habari za mifuko hii kama wengine wafuatiliavyo ligi. Johannesburg, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, upo mfuko wenye jina la Taco Kuiper, aliyekuwa mchapishaji. Ouagadougou kipo kituo cha waandishi wachunguzi wa Afrika Magharibi chenye jina la Norbert Zongo, mwandishi wa Burkina Faso aliyeuawa tarehe 13 Desemba 1998. Kituo hicho nacho husaidia kugharimia uchunguzi. Pulitzer Center ya Washington, iliyoanzishwa mwaka 2006, hupokea maombi kutoka nchi nyingi, na umekuwapo mfuko chini yake wa habari za misitu, pamoja na ile ya bonde la Kongo. Mipango ya namna hii ni mizuri, ila kila mtoaji ana mapenzi yake, na mfuko wa misitu waweza kumfanya mwandishi mwenye shida aone miti hata mahali penye kisima kikavu. Kwa sababu hiyo nawaheshimu wale amaBhungane wa Afrika Kusini, waliojipa jina la wadudu waviringishao kinyesi. Tangu walipoanza mwaka 2010 wamekataa fedha za serikali na za makampuni, wakaishi kwa taasisi za hisani na michango ya wasomaji wao. Na mwaka 2017 walikuwa miongoni mwa waliofichua nyaraka za familia ya Gupta.

Nao ufadhili wa nje una siku yake ya kukatika. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa agizo moja. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka lilieleza kwamba zaidi ya dola milioni 268 zilikuwa zimetengwa kwa vyombo huru vya habari duniani. Vyumba vya habari vilivyokuwa na mpango wa mwaka mzima viliamka asubuhi havina mpango wa wiki. Sisi wa zamani kidogo tunakumbushana kwamba Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliandika juu ya kitalu cha uwindaji cha Loliondo mwaka 1993, zama ambazo mifuko hii ilikuwa haijazoeleka kwetu. Ni kweli, na ni heshima. Lakini sipendi kijana aambiwe kisa hicho kwa maana ya kwamba naye aende kwa miguu.

Mwezi uliopita mwandishi mmoja wa kike wa chumba chetu alinijia na fomu. Anataka kufuatilia dawa zinazopotea kati ya bohari na zahanati. Swali lake lilikuwa zuri, sentensi moja kweli kweli. Barua ya mhariri alikuwa nayo. Nikafungua ukurasa wa bajeti. Nauli, malazi, chakula, nakala, vocha, ulinzi wa simu yake. Mstari wa fidia ya muda ulikuwa mtupu.

"Mtoto wako ana umri gani?" nikamwuliza.

"Miaka miwili, kaka."

"Na siku hizo zote atakaa na nani?"

Alisema dada yake ataacha biashara yake ya mama lishe kwa muda, ni ndugu, hatadai kitu. Nilimweleza kwamba mifuko mingine hukubali gharama hiyo na mingine huikata, ila hakuna mfuko unaolipa kisichoandikwa. Alisitasita, akatazama mlango kama kwamba kuna mtu angetuona. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya fidia ya muda: malezi ya mtoto, siku 14.

Akaniuliza aweke kiasi gani. Nikamwambia akamwulize dada yake huuza sahani ngapi kwa siku.