Umetengeneza nini?

Jamani, nilipoacha kazi ya uhusiano kwenye kampuni kubwa nilidhani cheo kitanifuata hadi kwa vijana wanaoanzisha kampuni za teknolojia pale Kijitonyama. Wapi! Nikagawa bizinesi kadi zangu, kijana mmoja akaniuliza, "Dada, umetengeneza nini?" Nikabaki kimya.

Nikaikumbuka Ushahidi, ile ramani ya ghasia za uchaguzi Kenya. Januari 2008 wanablogu na wataalamu wa kompyuta waliitengeneza kwa siku chache tu. Waliaminika kwa kazi.

Mimi najua kalamu. Nikaanza kuwaandikia maelezo ya bidhaa zao bure, na kukabidhi siku niliyoahidi. Mwezi wa tatu yule kijana akanipigia: "Dada, njoo tufanye wote."

Wewe je, ukivuliwa cheo, utaaminika kwa lipi?