Ufa Usioonekana

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imezoeleka mno katika insha za shule hata watu wakasahau kwamba ufa waweza kuwa kitu cha kushikika. Mwalimu mmoja mstaafu wa Limuru aliushika kwa kidole chake, chini ya boneti ya Toyota Corolla ya mwaka 1989.

Gari hilo halikuwa la anasa. Mara mbili kwa wiki lilimpeleka mkewe Nairobi kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimeshindwa na kazi. Barabarani lilikwenda vyema. Tatizo lilizuka liliposimama kwenye makutano: injini ilitetemeka kama mgonjwa wa homa, ikakohoa, na wakati mwingine ikazima. Fundi wa kwanza alikaza skrubu ya kabureta ili injini izunguke kwa kasi zaidi. Wa pili alishauri injini nzima ibadilishwe, kwa bei iliyozidi pensheni ya miezi sita.

Mzee aliamua kutafuta chanzo kabla ya kununua chochote. Jumamosi moja, injini ikiwa imepoa, alifungua plagi zote nne. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Masizi meusi huashiria petroli iliyozidi, nao weupe huweza kuashiria hewa iliyozidi. Hizi zilikuwa zimepauka. Alizisugua, akazirudisha, akawasha injini. Kisha alitwaa kipande cha mpira, akampa bintiye aweke ncha moja sikioni na kuipitisha nyingine polepole karibu na kila bomba, akijihadhari na feni na mkanda.

"Baba, hapa pana mlio kama wa nyoka," binti alisema.

Ulikuwa mpira unaounganisha injini na chombo kinachoiongezea breki nguvu, nao ulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Dereva asipokanyaga mafuta, kilango cha hewa hukaribia kufungwa na mvuto ndani ya injini huwa mkali. Hewa kidogo inayopenya ufani huvuruga mchanganyiko wake na petroli. Gari likienda kasi, hewa halali huwa nyingi, na ile ya wizi haihisiki. Ndipo mzee alipokumbuka jinsi pedali ya breki ilivyokuwa ikizidi kuwa ngumu.

Binti alitaka kuuziba ufa kwa utepe.

"La, mwanangu. Mpira huu ndio unaonisaidia kusimama mteremkoni nikiwa na mama yako."

Hakukubali mpira wa maji pia, kwa kuwa ungebonyezwa na mvuto ule. Alinunua mpira mgumu wa aina ile ile, akairudisha vali yake ikielekea upande uliostahili. Gharama haikufika shilingi 1,000. Hatimaye aliilegeza skrubu ya kabureta, injini ikatulia karibu na kiwango chake cha kawaida, mizunguko kama 800 kwa dakika.

Msomaji aone kwamba kubana matumizi si kununua kilicho rahisi. Skrubu iliyokazwa haikugharimu kitu, lakini ilikuwa inanyamazisha mtetemeko uliokuwa ukitoa habari za breki. Maskini hana fedha za kubahatisha. Humlazimu kuuliza kwanza gari linaumwa wapi.