Viazi vya Kagoshima

Yatajwapo mapishi ya Japani, aghalabu msikilizaji hufikiri wali na samaki mbichi. Sisi nasi tulikuwa na fikra hizo hizo tulipoteremka gari-moshi mjini Kagoshima, kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Kyushu, katika ziara ya walimu ya Novemba 2019. Hatukujua kwamba tungekutana huko na chakula tulichokikimbia tangu ujana wetu.

Kinachomlaki mgeni pale ni mlima. Sakurajima ni volkeno iliyo ng'ambo ya ghuba, mwendo wa robo saa kwa feri, nayo hutoa moshi na majivu mara kwa mara. Hapo zamani ilikuwa kisiwa kamili. Mlipuko wa 1914 ulimwaga lava nyingi hata ikaungana na nchi kavu upande wa mashariki. Majivu yakianguka mjini, wenyeji huyazoa, wakayatia katika mifuko ya manjano na kuipanga kando ya njia ili ichukuliwe. Tulimwona bibi mmoja akifagia mlango wake asubuhi, na jioni akaufagia tena, bila kunung'unika.

Sehemu kubwa ya ardhi ya mkoa ule ni majivu na mawe mepesi ya volkeno za kale. Maji hupenya humo kama katika chujio, na mpunga hausitawi. Kinachokubali ni kiazi kitamu.

Hapa mwalimu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Wajapani walio wengi hukiita kiazi hicho satsumaimo, yaani kiazi cha Satsuma, na Satsuma ndilo jina la kale la nchi ya Kagoshima. Lakini nenda Kagoshima kwenyewe, ukawaulize wakulima: wao husema karaimo, yaani kiazi cha China. Kila mmoja amekiita kwa jina la mlango kilimopitia. Asili yake ni Amerika ya joto. Mwaka 1605 Noguni Sokan alikileta visiwa vya Ryukyu, ndiyo Okinawa ya leo, kutoka Fujian katika China. Na mwaka 1705 baharia wa bandari ya Yamagawa, Maeda Riemon, akakichukua Ryukyu na kukipanda kwao Satsuma. Baada ya njaa kuu ya 1732, mwanachuoni Aoki Konyo alikijaribu Edo, ambayo sasa ni Tokyo, mwaka 1735. Huyo Riemon hakuwa mtu wa cheo, lakini pana hekalu Yamagawa linalomtukuza hadi leo. Ni mataifa mangapi yamemjengea mahali pa ibada mtu aliyeleta mbegu?

Jioni ya pili tulialikwa nyumbani kwa mzee mmoja mkulima, mwenye umri wa miaka 84. Mkewe alikuwa ameandaa dagaa wadogo wa rangi ya fedha waitwao kibinago, wabichi, waliopangwa katika sahani mfano wa ua, na mchuzi wa soya wenye utamu usiopatikana Tokyo. Palikuwa na vitumbua vya samaki aliyesagwa na kukaangwa. Mkalimani wetu, binti wa Tokyo, alivitaja kwa jina la satsuma-age. Mama mwenye nyumba akamsahihisha kwa upole kwamba hapa huitwa tsukeage. Binti yule alitaabika usiku mzima. Kila mzee alipochangamka na kuingia katika lahaja yake, mkalimani alitutazama kwa macho ya mtu aliyezama, akamwomba mama amfasirie kwanza Kijapani kwa Kijapani.

Ndipo mzee akauliza: "Mwalimu, kwenu chakula cha kila siku ni nini?"

Tukajibu: "Ni wali, nyama, na ndizi."

Huo haukuwa uongo mtupu, kwani vyote hivyo huliwa kwetu Burundi. Lakini juu ya kilima tulikozaliwa, wali ulikuwa wa sikukuu. Asubuhi tulikula ibijumbu, ndivyo viitwavyo viazi vitamu kwa Kirundi, na jioni tukala ibijumbu na maharage. Tulipofika shule ya sekondari, wenzetu wa mjini walitupa jina hilo la Ibijumbu, nalo likatuganda miaka minne. Tangu hapo tulijifunza kujibu swali la mzee kama tulivyolijibu.

Mzee hakutia neno. Alileta chupa ya shochu, kileo cha viazi. Wasomaji wasiokunywa watuwie radhi, maana habari hii haiwezi kuelezwa bila chupa hiyo. Huchukuliwa mchele uliopikwa kwa mvuke, ukaoteshwa kuvu iitwayo koji, ambayo hugeuza wanga kuwa sukari. Mchele huo huchachishwa kwa maji na hamira siku tano au sita. Kisha hutiwa viazi vilivyopikwa na kupondwa, vikachacha tena wiki moja na zaidi. Ndipo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukakusanywa, tena mara moja tu, ili harufu ya kiazi isipotee. Kwetu kinywaji cha kukenekwa huitwa kanyanga, nacho hunywewa nyuma ya nyumba kwa kuwa sheria inakikataza. Kagoshima nao walikeneka majumbani mwao, hata serikali ilipopiga marufuku utengenezaji wa pombe wa nyumbani mwaka 1899, kazi ikabaki kwa viwanda vyenye leseni. Sasa jina la "Satsuma shochu" linalindwa kisheria, wala haliruhusiwi kwa kileo cha mahali pengine.

Mzee alitutilia maji ya moto kwanza, kisha shochu juu yake. Tulidhani amekosea utaratibu. La, alisema, ukitangulia maji, vitu viwili hivi huchanganyika vyenyewe bila kijiko. Kikombe hicho cha jioni wenyeji hukiita dareyame, neno la lahaja lenye maana ya kukomesha uchovu. Harufu iliyopanda na mvuke ilikuwa ile ile ya chungu cha mama yetu kinapofunuliwa. Tulikiweka kikombe chini.

Kisha mama akaleta sahani ya karaimo zilizopikwa kwa mvuke. Tulikula sote isipokuwa mzee. Tulipomwuliza sababu, alieleza kwamba vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa mtoto wa miaka 10. Wakati wa vita na baada yake walikula viazi kutwa mara tatu, na viazi vilipopungua wakala majani na mashina yake. Vile alivyokula wakati ule, alisema, vinamtosha hata kufa. "Navilima," akaongeza, "na kuvinywa navinywa. Kuvila, basi."

Mkewe alicheka, bila shaka kwa mara ya elfu. Sisi hatukucheka. Mzee huyu alikuwa na haki ya kukichukia kiazi, naye alisema habari zake mbele ya mgeni bila haya. Nasi tuliokuwa na mabaki yake kinywani tulikuwa tumekwisha kukikana. Tukamwambia mkalimani atufasirie maneno yetu yote, asipunguze: kwamba jibu letu la awali halikuwa kweli, na kwamba tulilelewa kwa kiazi hiki hiki.

Mzee alitutazama muda. Akaongeza maji ya moto, kisha shochu, halafu akauliza Kiswahili kinakiitaje, na kama jina hilo linasema kilikotoka. Tukajibu kwamba ni kiazi kitamu, jina lisilotaja nchi. Ila yule ndugu yake wa mviringo tunamwita kiazi ulaya, ingawa asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Hilo lilimfurahisha sana. Akachukua karatasi ya vijiti vya kulia, akaandika kwa herufi zao neno "kiazi", akalisoma: "Kiaji."

Tulimsahihisha mara mbili, kama ilivyo desturi ya kazi yetu. Mkalimani akatunong'oneza kwamba aji katika lugha yao ni ladha. Basi tukamwacha aseme kiaji.